Kusimama Si Mkutano

...na watoto hawajambo, ndivyo nilivyomuuliza, mimi mtu mzima mwenye mvi za masharubu, nimemfikia Mama Fundi pale kwenye nguzo ya taa, nimepokea ncha yangu ya mti wa kitambaa, hujambo dada, sijambo kaka, habari za tangu wiki ile, nzuri, za kazi, tunashukuru, na watoto hawajambo, na mdomo wake ukajibu kabla yeye mwenyewe hajasikia alichoulizwa, hawajambo, sijui wa kwako, na mimi, Mungu anisitiri, nikasema wazima kabisa, wanakusalimu... wanakusalimu, nani kakusalimu, wanangu hata hawajui kama niko hapa, na ndipo sote wawili tukasikia, nilimwona akisikia, kope zilishuka kidogo tu kama mtu aliyeingiwa na vumbi, maana mwanamke huyu ana mtoto mmoja, hakuwahi kupata wa pili, na huyo mmoja ndiye aliyechorwa kwenye kitambaa tulichokishika, yeye ncha ile na mimi ncha hii, kichwa kikubwa kama tairi la lori, na chini yake kwa herufi nyekundu, YUKO WAPI, na nilipofungua kinywa kusema dada nisamehe, Katibu akainua leso yake nyeupe upande wa pili wa mzunguko wa barabara, kimya kikaanza, na kimya kikishaanza hakuna kutamka neno mpaka leso ishuke, saa nzima, ndiyo sheria yetu, na mimi ndiye niliyeipigia makofi kuliko wote ilipopitishwa.

Kusimama si mkutano, alisema Karani siku ile, yule karani mstaafu wa mahakama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, tumejazana kwenye chumba cha nyuma cha duka la dawa la Katibu, tumekalia maboksi ya dripu, mkutano ni watu kukusanyika wakahutubiana, alisema, huo unataka kibali, na kibali hamtapewa, ila hakuna kifungu kinachosema mtu akisimama kando ya barabara akanyamaza ametenda kosa, ingekuwa hivyo kila anayesubiri gari angekuwa rumande, kwa hiyo mkisimama mkanyamaza ninyi ni watu mnaosubiri, na Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, mama ambaye hata akiomba chumvi unahisi umefeli mtihani, akauliza tunasubiri nini, Karani akasema hilo sheria haiulizi, na mimi nikapiga makofi, nikasema mheshimiwa hapo umemaliza, bila kufikiri kwamba nimeshangilia kufungwa mdomo wangu mwenyewe, mimi ambaye naitwa Honi, jina la enzi za malori, mimi mshereheshaji wa harusi ambaye nikinyamaza kidogo watu wanadhani umeme umekatika... neno moja tu likitoka hapa, kusimama kumegeuka mkutano, mkutano usio na kibali, na Mjomba amejibanza pale akilisubiri neno hilo, yule bwana wa miwani myeusi chini ya kibaraza cha duka la viatu, simu mkononi, jua liwe jua mvua iwe mvua, hatujui katumwa na ofisi gani, tumempa jina la Mjomba kwa kuwa ameshakuwa ndugu, Katibu mwenyewe amewahi kukosa kwa harusi ya mpwawe, Mwenyekiti amewahi kukosa kwa presha, Mjomba hajawahi kukosa, angekuwa mwanakamati tungempa cheti, na anachotaka ni mdomo mmoja tu ucheze apige picha, kwa hiyo sasa msamaha wangu ni kosa la jinai, nimemwumiza mama wa watu na nikimwomba radhi nitawaingiza wenzangu wote kwenye gari la polisi, haya, Honi, chekesha hapo.

Soksi, soksi za pamba, ninyi mnaosimama miguu itapoa, anapita muuza soksi na kapu lake begani, ananijua huyu, nilisherehesha harusi ya dada yake, ananikonyeza, siwezi hata kumkonyeza, kukonyeza ni hotuba au si hotuba, Karani hakufika huko, natazama mbele tu, natazama lori la saruji linazunguka taratibu kwenye mzunguko na dereva wake ametoa kiwiko nje kama nilivyokuwa nakitoa mimi, lori kama lile ndilo lililonifundisha salamu, watu wanadhani udereva ni usukani na gia, udereva ni salamu, mpaka baada ya mpaka, nchi ambazo sikuwahi kujua miji yake mikuu lakini najua mlinzi wa geti lake ana watoto wangapi, ukifika kizuizini ukasema tu shika karatasi zangu utalala hapo, ila ukishuka, ukanyoosha mgongo, ukauliza hujambo afande, habari za kulinda, mama hajambo, watoto hawajambo, uji umeshuka leo au bado, hata mwenye sura ya msumari analegea, anasema pita mzee, na mimi nimepita, miaka yote nimepita kwa watoto hawajambo, niliitoa kinywani kama mtu anavyotoa ufunguo mfukoni bila kuangalia, na leo nimeuchomeka ufunguo ule ule kwenye mlango ambao hauna nyumba nyuma yake... maskini mimi, hata mfano wenyewe unaniumiza, na bado sijafika kwenye lililonileta.

Maana laiti ingekuwa ni salamu tu. Salamu ilikuwa njia, nilikuwa naipanda pole pole kama mlima, hujambo, habari za kazi, za nyumbani, halafu kule juu ningepumua nikasema, dada, kuna jambo kamati imenituma, na kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kufika kule juu sikutazama nakanyaga wapi, ndiyo hivyo, nimetumwa, jana chumba kile kile cha nyuma, maboksi yale yale, wamekaa watu wameinamisha vichwa kama wamekuja kutibiwa, Katibu kaanza, mfamasia wa watu mpole, anakohoa kabla ya kila sentensi, akasema wakaguzi wamekuja dukani mara ya pili, wamefungua hadi friji la chanjo wakaliacha wazi, Mwenyekiti akasema mwanawe ameitwa na bosi wake ofisini, ameambiwa kazungumze na mama yako, tu, kazungumze na mama yako, na mwanawe amekuja nyumbani na mkewe na watoto wakakaa sebuleni, wametazama televisheni iliyozimwa, halafu wakaondoka, na Karani, huyu ndiye aliyenimaliza, Karani aliitwa kituoni kujibu maswali machache, ametoka, hajasema ameulizwa nini, hajasema amefanywa nini, mtu aliyekuwa akikuambia kifungu na kifungu kidogo kabla hujamaliza kupiga chafya, jana alikuwa anaipangusa miwani tu, anaipangusa, nikamuuliza mheshimiwa, sheria imebadilika, akasema sheria haijabadilika, nikamuuliza sasa, akasema tupumzike kidogo, Honi, mimi nimechoka, tupumzike... ndipo Mwenyekiti akatafuta maneno, kusitisha kwa muda, akasema, siyo kuacha, kusitisha, na wanaoafiki wanyooshe mikono, mikono ikanyooka mmoja mmoja kama ya watoto wasio na hakika ya jibu, na wangu ukiwemo, ulikwenda wenyewe, ningesema nilikuwa najikuna kichwa lakini nani ataniamini, kichwa chenyewe hakina nywele za kuwasha.

Leo iwe mwisho, ndivyo tulivyokubaliana jana, leo tusimame vizuri, halafu kitambaa kikae kwa Katibu nyuma ya maboksi mpaka hali itulie, na nani atamwambia Mama Fundi, hapo ndipo macho yote yakageuka, unajua macho ya watu yanapogeuka kutafuta mtu wa kubeba jeneza upande mzito, Honi ndiye mwenye maneno, Honi anajua kuzungumza na watu, Mama Fundi mwenyewe hakuwepo, alikuwa zamu ya mchana kule dobini hospitalini, Mwenyekiti akasema labda ni afadhali hakuwepo, kila mtu akaitikia ndiyo, ni afadhali, nasi tulijua tangu mwanzo zamu yake ni lini... na usiku nimemwambia mke wangu, mama watoto, nimetumwa hivi na hivi, akaniuliza bila kuacha kukunja nguo, utamwambiaje, nikasema nitatafuta namna, akasema wewe ukitumwa kutangaza msiba utaanza na kichekesho, nikacheka, yeye hakucheka, akasema nenda ukamwambie kwa mdomo wa kawaida, kama unao. Sina. Nimegundua leo sina, ninao huu mmoja wa harusi na mipakani.

Wasichana wawili wa shule wamesimama mbele yetu na mikoba yao, wanamtazama kwenye kitambaa, mmoja anasema mbona mzuri hivi, ni mwimbaji, mwenzake anamvuta mkono, ametoweka huyo, twende, twende mama atatugombeza, wanaondoka wakigeuka nyuma, na kweli amechorwa mzuri, mchoraji wetu kazi yake ni kuchora vichwa kwenye milango ya vinyozi, kwa hiyo kijana wa watu amepewa panki la kukatwa kwa rula na masikio ya kupangwa, siku kitambaa kilipokauka Mama Fundi alikitazama muda mrefu akasema pua si yake, basi, mchoraji akataka kuirekebisha, mama akasema acha, wakimpata na pua nyingine nitampokea hivyo hivyo, tukacheka, tulicheka wote hadi Katibu akakohoa, alikuwa anachekesha kunishinda mimi mama huyu, watu hawajui, na kitambaa chenyewe kakileta yeye, shuka la hospitali lililochakaa katikati, kalifua mwenyewe kalishona ukingo, kwa hiyo ukisogeza pua karibu unasikia dawa ile ya kufulia, harufu ya wodi... ananishinda pia kwa mikono, mimi mti umenilemea, na yeye wala, mikono ya mtu anayevuta mashuka yaliyolowa kutoka mashine ile kubwa zamu nzima, ananyoosha ule mti kama anashika kijiko, sithubutu kumtazama usoni, natazama mikono, natazama kiatu chake kimepigwa kiraka kwa uzi wa rangi nyingine.

Na mwanawe nilimjua, hilo ndilo, kitambaa si kitambaa kwangu, kibanda chake kilikuwa hapo nyuma ya soko, fundi simu, simu yangu ilikuwa na ugonjwa wa kujizima katikati ya maneno, akaniambia mzee Honi simu haina tatizo, imechoka kukusikiliza, kijana mwenye adabu yake lakini ulimi umo, na siku walipokuja kuvunja vibanda vya akina mama wa mboga bila notisi yeye alitoa simu akapiga picha, zote, wanavyovunja, nani amepigwa, nani anacheka pembeni, halafu kwenye kikao cha mtaa akanyanyuka akauliza swali moja tu, kiwanja hiki sasa ni cha nani, akakaa, na wiki haikuisha, wakaja mchana, wamevaa kiraia, wakasema simu yetu imeharibika, hebu itazame, na yeye akanyanyuka kuipokea, muuza soksi aliona, alinyanyuka na tabasamu kabisa, mkono umenyooshwa, fundi kazini, na mkono ule ule ndio wakaushika, gari halina namba, hata mlango hawakuufunga vizuri walipoondoka... akabaki mteja mmoja kwenye benchi anasubiri yake, na baada ya hapo wateja wakawa wanakwenda nyumbani kwa mama, samahani mama, poleni sana mama, ila kulikuwa na simu yangu, nyeusi, ina ufa hapa, na mama anawatolea boksi wachague, anawakaribisha na maji, mpaka boksi likaisha, ni mimi wa mwisho, mimi nilikwenda kufuata yangu pia, aliifuta kwa upindo wa kanga akanipa, akasema alishaitengeneza hii, ilikuwa tayari. Inafanya kazi mpaka leo. Ipo mfukoni hapa inapiga mapigo ya ujumbe, ni mke wangu bila shaka, anauliza umeshamwambia.

Tumekwenda vituo vyote, tumeambiwa hatunaye, tumekwenda mahakamani, tumeambiwa leteni aliyemkamata, sasa aliyemkamata tungekuwa naye tungehitaji mahakama ya nini, tumekwenda kwa mheshimiwa mbunge, katibu wake akatupa viti akatusahau, wageni wa mashirika wamekuja na kamera zao, Mwenyekiti amewasimulia jinsi kamati ilivyobuni njia hii ya kusimama, siku ya kwanza yenyewe sikuwepo, nilikuwa na harusi, lakini naisimulia na mimi kama niliyekuwepo, wakatupongeza, wakaenda, na kijana hayupo, wiki ikiisha tunasimama, hayupo, tunasimama, na nikisema kweli mimi naona hatusaidii kitu, tunasimama kama nguo zilizoanikwa, magari yanatuzunguka, taa inawaka nyekundu inawaka kijani... nyie wazee mmekosa kazi, anapiga kelele utingo kutoka kwenye gari la mchanga, mwenzake anacheka, naam, tumekosa, njoo utushikie.

Lakini alijibu hawajambo. Ndilo linalonirudia, kwa nini alijibu, mimi niliuliza kwa mazoea, sawa, mdomo wangu ni mashine, lakini yeye si mtu wa mazoea, huyu mama ukimuuliza habari za asubuhi anafikiri kwanza ndipo anajibu, na kope zilishuka baada ya kujibu au kabla, najaribu kukumbuka, kama ni kabla basi alilisikia swali, alilisikia vizuri, akaona jinga hili limejikwaa mbele za watu, Mwenyekiti anatazama, Mjomba anatazama, akalishika mkono lisianguke, hawajambo, sijui wa kwako, kama mtu anayeokota kofia ya mgeni bila kumwambia imedondoka... au hapana, au si kwa ajili yangu hata kidogo, Honi, si kila kitu ni kwa ajili yako, labda alijibu kwa kuwa ndilo jibu lake, hajambo, ndilo jibu lake tangu siku ile, yeyote angemwuliza angemjibu hivyo hivyo na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza, tunamwambia pole, tunamwambia jikaze, tunamwambia Mungu yupo, hakuna aliyethubutu kumwuliza mwanao hajambo, mpaka mimi leo kwa ujinga, na yeye amejibu haraka vile kama mtu aliyekuwa amelishika jibu mdomoni muda wote akingoja wa kumwuliza.

Na upepo unavuta kitambaa, kinajikunja juu, kona ya shuka inaangukia kwenye jicho la kijana, nami najaribu kuinyoosha kwa kidole, shuka la hospitali juu ya uso, nimewahi kuliona, nani hajaliona, baba yangu nilimwona hivyo, ukiingia wodini ukakuta shuka limevutwa hadi juu huulizi kitu, unakaa chini, na sasa naelewa jambo ambalo nimekuwa nikilitazama kila wiki kama ng'ombe anavyotazama treni, kwamba leso ikishuka sisi wengine hukimbilia kukunja, Katibu anasema tukunje haraka tuondoke, na yeye husema acheni, hukitwaa mwenyewe, hukiviringisha juu ya mti kuanzia chini, kwenye maandishi, taratibu, uso unabaki nje, hukibeba begani hivyo hivyo mpaka kwake, uso wa kijana unatazama watu njia nzima, na mimi nilidhani ni utaratibu wa dobi, mtu wa mashuka ana namna yake ya mashuka, kumbe hakubali tumfunike. Hakubali. Na mimi nimekuja na salamu za kamati kwamba kuanzia leo kitakunjwa, kitawekwa nyuma ya maboksi ya dripu, gizani, mpaka hali itulie, siyo kuacha, kusitisha, nani anasitishwa hapo, tunasema tumechoka kusimama lakini atakachosikia yeye ni kwamba kamati imekaa, imejadili, imenyoosha mikono, na mwanawe amekufa kwa kura.

Siwezi. Nimevuka mipaka na mzigo wa kila aina, baruti za mgodi nimebeba, nyuki hai nimebeba, maiti ya mtu nimewahi kuipeleka kwao safari ya siku kadhaa huku nikiisimulia hadithi njia nzima nisilale, ila hili siwezi, ningekuwa mwanamume ningepeleka mguu barabarani nikamwambia Katibu mwambie wewe, lakini Katibu yuko upande wa pili na leso yake juu, anakohoa maskini, mara moja, mara ya pili, tumekubaliana kikohozi maana yake nini, inua kitambaa, lakini kitambaa kiko juu, kumbe ananiuliza, umeshamwambia, Mwenyekiti naye ananikazia macho ya ubaoni, Karani hatazami popote, anaipangusa miwani, na kama sitasema sasa watasema wao, leso ikishuka watamjia wote pamoja na nyuso zao za kutibiwa, watamshika mabega, watakivuta kitambaa mkononi mwake kwa upole, kwa upole ule mbaya, atalijua kwa kunyang'anywa, hapana, bora alijue kwa mjinga aliyemwuliza watoto hawajambo, mimi kwanza nimeshaharibu, sina cha kuharibu zaidi, na Mjomba amegeuka, dereva wa teksi anamwomba kiberiti, anapapasa mifuko, sasa, sasa hivi, bila kucheza midomo, nilijifunza kwa mlinzi mmoja wa mpakani aliyekuwa akiomba zawadi mbele ya mkubwa wake, unasema kwa meno, na maneno yangu yote ya harusi hayapo, nimeyatafuta hayapo, limebaki la kawaida tu, kavu, nalisikia likitoka kama la mtu mwingine, dada, kamati imeamua leo iwe mwisho, imenituma nikwambie.

Hakugeuka. Macho yako kwenye mzunguko, kwenye magari, ncha yake ya mti haikushuka hata kidogo.

"Kamati ilinikuta hapa nimesimama."